Koti la Friza na Bakuli la Bibi Zuwena

Kama umewahi kupita Al Baraha ukasikia watu wakicheka habari ya askari mmoja Mkenya aliyewafungia wapangaji juu ya paa saa ya kufuturu, tena amevaa koti la baridi kali kwenye joto la Dubai, usihangaike kuuliza ni nani, ni mimi. Nilijaribu kukana nikashindwa kwa sababu picha ipo (aliipiga Mama Ilham wa ghorofa ya tatu, na amekataa kuifuta hata nilipomwahidi kumbebea gunia lake la mchele mpaka mlangoni). Kwa hiyo afadhali niwahadithie mwenyewe, maana wengine wakihadithia wanaongeza kwamba nilikuwa na filimbi. Sikuwa na filimbi jamani, aibu niliyonayo inatosha.

Mimi naitwa Nekesa, kwetu Bungoma, na hapa Dubai nalinda jengo moja la zamani ambalo lifti yake ikifika lazima isimame kidogo ijifikirie ndipo ifungue mlango. Kazi yenyewe si mbaya. Nina dawati pale chini, nina AC inayonguruma lakini inapoza, na wapangaji wananiita kwa jina, jambo ambalo kwa askari si dogo. Kulala tunalala mbali, kwenye nyumba za wafanyakazi kule Dubai Investments Park, basi la kampuni linatuleta na kuturudisha. Na kila askari wa kampuni yetu anajua kwamba ukiharibu kazi mjini utahamishiwa kulinda maghala hukohuko, yaani unaamka huko, unashinda juani huko, unalala huko, na wa kumsalimia ni malori. Mimi hicho ndicho kitu nilichokiogopa kuliko kuhojiwa na polisi.

Na nilikiogopa zaidi kwa sababu ya Bibi Zuwena. Huyu ni Mzanzibari wa ghorofa ya nne, wa zile familia zilizohamia huku zamani, mtu mzima wa baibui na fimbo. Mama yangu alipofariki niliomba likizo nikanyimwa, mama akazikwa Bungoma mimi nikiwa nimekaa dawatini na yunifomu yangu nikisema karibu sir, karibu madam. Bibi alishuka dukani, akaniona macho, akauliza, nikamwambia. Hakwenda tena dukani. Alivuta kiti cha plastiki akakaa na mimi mchana mzima, na kila mpangaji aliyepita alimwambia, "Mpe pole Nekesa, kafiwa na mama yake." Tangu siku ile nampenda yule bibi, na kulisema sioni haya. Haya ninazo za mambo mengine.

Sasa tuingie kwenye sinema, maana bila sinema haya yote yasingetokea. Mwenzangu wa zamu anaitwa Kato, Mganda wa Masaka, mwanaume mmoja mpole anayependa kula, na ana laptop imejaa filamu. Siku moja ya mapumziko tukaketi kuangalia ya zamani kabisa ya Hollywood, ile ya picha nyeusi na nyeupe, watu wanaongea mbiombio na kila mtu kavaa suti hata wa kuoga. Kulikuwa na tajiri ameuawa, na wa kutafuta muuaji hakuwa polisi, alikuwa muuza kofia tu aliyejiingiza. Yule bwana aliharibu kila kitu: alitumbukia kwenye bwawa la samaki, akahoji sanamu akidhani ni mtu, akamfuata bibi mmoja msalani. Lakini mwishoni akawakusanya wote sebuleni, akafunga mlango kwa ufunguo, akautia ufunguo mfukoni mwa koti kwa madaha, akaanza kuwazunguka polepole ameshika kidevu, anamwambia kila mmoja siri yake, kisha akanyoosha kidole kwa mtu asiye na hatia (ndiyo, asiye na hatia), muuaji mwenyewe akacheka kwa nguvu, akajifichua. Kato alicheka akaanguka chini. Mimi sikucheka. Mimi nilikuwa nasoma.

Wiki ya kwanza ya Ramadhani ilikuwa imekwisha pale Bibi Zuwena aliposhuka akasimama mbele ya dawati langu. Hebu niwape picha ya dawati lenyewe. Kulikuwa na simu ya jengo, kulikuwa na chupa yangu ya maji niliyoificha chini kwa heshima ya wanaofunga, na kulikuwa na bakuli la funguo, ambalo Kato alikuwa amelizungushia seloteki pana ya kahawia, ile ya kufungia maboksi, na juu yake akaandika FUNGUO kwa kalamu ya wino mzito. Nawaomba mlikumbuke hilo bakuli, maana mimi sikulikumbuka.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mwanangu. Hujambo? Kazi yendaje?"

"Kazi iko sawa Bibi, tunashukuru."

Akaegemea fimbo. Halafu akasema, "Mwanangu, lile bakuli langu la kaure, la maua ya buluu, aloniachia marehemu mama, sijui limejificha wapi." Akalitazama dawati langu. Akanitazama mimi. Akalitazama dawati tena. "Ijumaa hii namsomea mama hitima. Kila mwaka tambi za hitima twapakua humo, sijawahi kupakua kwengine. Basi ukiliona mwanangu utanambia."

Mtu mwenye akili angeuliza maswali ya kawaida, bakuli lilionekana mwisho wapi, alipewa nani. Mimi niliyaona yale macho yake yanarudirudi kwenye dawati nikasema moyoni, maskini, bibi wa watu ana huzuni mpaka hajui atazame wapi. Na nilimkumbuka alivyokaa na mimi siku ya msiba. Nikaona hapa ndipo pa kumlipia wema. Nikasimama wima nikasema kwa sauti ya muuza kofia, "Bibi, hilo niachie mimi."

Sentensi fupi hiyo. Ningenyamaza tu, leo ningekuwa mtu wa heshima.

Kwanza nilihitaji koti. Kato kabla ya kuja kwetu alikuwa akilinda stoo ya nyama iliyogandishwa, na alipoondoka aliondoka na koti la kazini, la buluu nzito, limevimba kama godoro, lina mifuko ndani na nje na mingine ndani ya mifuko. Zipu yake ilikuwa imeharibika, nikalipeleka mtaa wa Satwa kwa fundi wa nguo, akanitazama, akatazama jua nje, akaniuliza kama nasafiri. Nikamwambia ni kazi ya siri. Akanitilia zipu mpya akanionya nisiivute kwa nguvu.

Kato naye, ambaye huniita Nyabo, yaani bibie kwa Kiganda, akauliza, "Nyabo, sasa koti yangu unataka kufanya nayo nini?"

"Kuna kesi."

"Kesi gani?"

"Siwezi kukuambia."

"Lakini mimi pia ni askari ya hapa!"

"Wewe pia ni mshukiwa," nikamjibu, nikaona nimesema jambo la maana sana. Kumbe katika Dubai nzima huyo ndiye mtu ambaye ningemtajia neno bakuli tu, kesi ingeisha kabla sijafunga zipu. Lakini mpelelezi hatoboi siri, au sivyo?

Nikaanza kuchunguza. Na hapa lazima mnielewe, mimi nimekulia Bungoma kanisani. Kwetu jirani akitaka kula anakuja nyumbani kwako, mnakaa, anakula, anaenda zake, sahani inabaki palepale. Ramadhani ya kwenye jengo la Waswahili sikuwahi kuiangalia kwa makini, kwa sababu zamu yangu kawaida huisha mapema na Kato ndiye hukaa jioni. Wiki hiyo nikamwomba tubadilishane. Mama yangu! Ikikaribia magharibi, sahani zinaanza kutembea. Sahani imefunikwa kitambaa inapanda, nyingine imefunikwa inashuka, bakuli linatoka la nne linaingia la tatu, hotipoti inavuka barabara. Nikasema hii si kawaida. Hapa kuna mtandao wa vyombo.

Na kiongozi wa mtandao nilimjua upesi. Bwana Haroub, Mpemba wa ghorofa ya pili, karani mstaafu, mgane anayeishi peke yake, mtu asiye na neno na mtu. (Kwenye sinema asiye na neno ndiye wa kuogopwa.) Kila jioni alishuka na sahani imefunikwa, akavuka kwenda jengo la pili kwa dada yake, akarudi na sahani nyingine kabisa. Jana ya maua mekundu, leo ya mistari ya kijani. Mtu mmoja, tumbo moja, vyombo vyote hivyo vya nini? Siku moja nikamfuata. Nikajibana nyuma ya gari la kuuza maji, nimeinama, koti limenifunika mpaka magotini, na dereva bila habari na mimi akaondoa gari, nikabaki katikati ya barabara nimechuchumaa peke yangu. Bwana Haroub akageuka akaniona.

"Binti, umedondosha kitu?"

"Natafuta paka," nikasema.

Akanisaidia kumtafuta huyo paka, kwa upole kabisa, mpaka karibu adhana. Mimi nikamwandika moyoni: mjanja.

Nikamhoji na Mama Ilham, ambaye ni wa Mombasa na ulimi wake hauna breki. Nilimvizia kwenye lifti nikamuuliza jana magharibi alikuwa wapi. Akanitazama kuanzia kofia hadi viatu. "Nilikuwa jikoni kwangu. Na weye? Mbona nimeshuka chini sikuona mtu mlangoni, au siku hizi lango lajilinda lenyewe?" Swali zuri lile, nikarudi mbio langoni.

Ikafika Alhamisi, kesho yake ndiyo hitima, na bakuli halijapatikana. Nilikuwa nimemwahidi Bibi, na kila alipopita alikuwa akinisalimia halafu anasubiri kidogo, kama mtu anayengoja jibu, halafu anaondoka taratibu na fimbo yake. Ile subira yake ilinikata. Nikaamua kufanya kama muuza kofia, niwakusanye wote, niwazunguke, mwenye hatia atajifichua mwenyewe. Sebule hatuna, ila paa tunalo, la kuanikia nguo, lenye mlango mmoja wa chuma na kufuli.

Saa ya kushusha sahani nikawapitia. Daktari wa meno Mmisri wa ghorofa ya kwanza nilimwambia kuna tangazo muhimu la jengo. Mama Ilham nikamwambia vivyo hivyo. Bwana Haroub nikamkamata mlangoni na sahani yake mkononi, nikamwambia aje nayo hivyohivyo. Na Bibi Zuwena nikamwambia ukweli, "Bibi, leo nakurudishia bakuli lako."

Uso wake ulichanua, jamani. "Alhamdulillahi. Basi ndo mpaka juu, mwanangu?"

"Ndiyo Bibi, mbele ya watu wote."

"Haya mama. Ni vizuri pia."

Dawati nikaliacha peke yake. Lakini askari mzuri haachi funguo, kwa hiyo lile bakuli la Kato nikalibeba kwapani, linalia kling kling ngazi nzima, nikapanda nalo paani. Watu wakakaa juu ya ndoo zilizopinduliwa, katikati ya mashuka ya watu, Bibi nikampa kiti. Nikaufunga mlango wa chuma, nikatia kufuli, nikafanya ile ishara ya muuza kofia kwa madaha yote, nikaanza kuwazunguka nimeshika kidevu. Bakuli nimelikumbatia. Jasho linanichuruzika ndani ya koti mpaka kwenye soksi.

"Ndugu wapangaji," nikasema, "kati yetu hapa kuna mtu amekaa na bakuli lisilo lake."

Bibi akaitika kwa kichwa, taratibu, kama anayenitia moyo.

"Mtu huyu analiona kila siku. Analishika kwa mikono yake. Na bado anamtazama mwenyewe usoni bila aibu!"

"Ni kweli mwanangu," akasema Bibi. "Endelea."

Nikaendelea, nikiwa nimepata nguvu za ajabu. Nikaeleza habari za sahani zinazotembea. Nikaeleza habari ya mgane mwenye vyombo vingi kuliko hoteli. Nikazunguka ndoo ya Bwana Haroub nikasimama nyuma yake, nikasema, "Bwana Haroub, funua hicho ulichobeba!" Na kabla hajajibu nikanyofoa kitambaa mwenyewe.

Zilikuwa kaimati. Za mviringo, zinang'aa shira, zimepangwa na mtu anayezipenda, na sahani chini yake ilikuwa nyeupe tupu isiyo na ua hata moja.

Bwana Haroub akashusha pumzi. "Binti, hii ni sahani ya dada yangu. Jana kaniletea mkate wa kumimina. Kwetu sahani ya mtu huirejeshi tupu, watia chochote ulichonacho. Miye nimemkaangia kaimati."

"Umemkaangia wewe?" Mama Ilham akaruka kutoka kwenye ndoo. "Kwani zile kaimati zote tunazokula tangu mwezi uandame tukimsifu dada yako ni zako?"

Masikio ya Bwana Haroub yakawa mekundu. Akakubali kwa sauti ndogo kwamba marehemu mkewe ndiye alimfunza, na kwamba mtu mzima kama yeye hakutaka ijulikane kuwa anashinda jikoni na karai. Daktari wa meno, ambaye alikuwa haelewi Kiswahili sana, akauliza ni kesi gani, akajibiwa ni kaimati, akasema basi khalas, yalla, twende tukafuturu.

Na hapo hapo adhana ikaanza. Ilianza msikiti mmoja, ukapokea wa pili, zikajaa Deira nzima, sehemu yetu yote ya mji, nami nimesimama mbele ya watu wanaofunga, nimewafungia mlango, na mwizi sina.

"Fungua basi tushuke," akasema Mama Ilham.

Nikatia mkono kwenye bakuli. Funguo za mle zote zinafanana, na vile vibandiko Kato alivyoviandika vilikuwa vimefutika kwa jasho la mikono. Nikajaribu mmoja, haukuingia. Mwingine ukaingia ukakataa kuzunguka. Mwingine ukakwama, ikabidi Bwana Haroub aje kuuchomoa. Nikiwa katika hali hiyo simu ikalia, ni supavaiza wetu, Mista Bahadur, Mnepali asiyecheka, amekuja kukagua jengo.

"Nekesa, nipo dawatini kwako. Uko wapi?"

"Juu ya paa, sir."

"Unafanya nini juu ya paa?"

Hebu niambieni nyinyi ningejibu nini. Nikasema, "Natafuta ufunguo, sir," akakata simu, nikasikia kwa mbali lifti ikijifikiria.

Kufuturu hakungoji mpelelezi. Bibi Zuwena akafungua mkoba wake akatoa tende, akamgawia kila mtu. Daktari akaomba maji, nami nikakumbuka chupa yangu ipo chini ya dawati, kwa hiyo walikunywa maji ya bomba la kufulia kwa kifuniko cha ndoo. Halafu Bwana Haroub akazungusha sahani ya kaimati, yaani ushahidi wangu wote ukaliwa mbele ya macho yangu, na mimi nikapewa moja, na ilikuwa tamu mno, jambo lililoniumiza zaidi.

Nikaona bora nimwage funguo zote nizione. Nikapindua bakuli, funguo zikatawanyika sakafuni, nikapiga magoti kuzichambua, na lile bakuli tupu nikamkabidhi aliyekuwa karibu anishikie. Aliyekuwa karibu ni Bibi Zuwena.

Akaliweka mapajani. Akatafuta ncha ya seloteki kwa ukucha, polepole, kama mtu anayemenya chungwa. Seloteki ilikuwa imelegea kwa joto la koti langu nilivyokuwa nimelikumbatia. Ikatoka. Chini yake likaonekana ua la buluu. Akavuta tena, ua jingine. Halafu mdomo wa bakuli, wenye mstari mwembamba wa dhahabu.

Mimi nilikuwa bado nimepiga magoti. Kwa hiyo picha ya Mama Ilham inaonyesha askari mwenye koti la friza amepiga magoti mbele ya bibi mwenye bakuli, funguo zimemzunguka, na nyuma shuka la mtu linapepea. Watu wa kwetu walioiona wanadhani nilikuwa naokoka.

"Haya," akasema Bibi kwa utulivu. "Limeonekana."

Nikamuuliza nikiwa palepale chini, "Bibi, hili limefikaje kwangu?"

"Si nilikuletea tambi? Jioni ile ya mwanzo wa mwezi. Hukuwepo, nikamwachia mwenzio akupe." (Kato! Uzi mmoja wa tambi zile sikuuonja. Alikula zote, akaosha bakuli vizuri, akaliona halina kazi, akalipa kazi, na seloteki akaitia ili funguo zisilikwaruze, maana ni mtu anayetunza vitu.)

"Kwa nini basi hukuniambia tu kwamba ninalo?"

Bibi akanishangaa kama nimeuliza kwa nini watu huvaa nguo. "Mwanangu, mtu huwezi ukampa chakula, kisha ukenda kumdai chombo. Nilikwambia. Nilikwambia huku nalitazama."

Kisha akaongeza, na hili ndilo lililonimaliza, "Na leo uliposema wanirejeshea mbele za watu, nikadhani wataka kunifanyia heshima. Hata yale maneno yako ya mwanzo nikaona wayasema mwenyewe kwa kujilaumu, nikasema huyu mtoto ana adabu."

Nililia. Sikulia sana, nililia kidogo tu ndani ya kola ya koti, na aliyenipa kitambaa cha kujifuta ni Bwana Haroub, kilekile nilichokinyofoa kwenye sahani yake. Nikamwomba msamaha. Akasema, "Yameisha binti. Lakini yule paka je, alipatikana?" Mpaka leo sijui kama alikuwa ananicheka.

Mlango ukagongwa kwa nguvu. Juu ya mlango ule wa chuma kuna wavu wa nondo, na kwenye wavu ukatokea uso wa Mista Bahadur. Akatazama ndoo, akatazama mashuka, akamtazama daktari akilamba shira vidoleni. Akaniambia nifungue. Nikamwambia ufunguo haupo, sir. Akauliza nani amefunga. Nikamwambia ni mimi, sir. Bwana Haroub, ambaye hawezi kumwona mtu amesimama mlangoni bila kumkaribisha, akapitisha kaimati moja kati ya nondo, na Mista Bahadur, kwa mshtuko nadhani, akaipokea akala.

Hapo ndipo nikakumbuka ile ishara ya madaha. Muuza kofia alitia ufunguo mfukoni mwa koti. Na mimi nilitia ufunguo mfukoni mwa koti. Mfuko wa ndani. Nikashika zipu niivute, nikaivuta kwa nguvu, ikakwama shingoni. Mama Ilham akashika upande mmoja, daktari upande wa pili, akaniambia nitulie kwa ile sauti anayowaambia watu kabla ya kung'oa jino. Wakavuta. Koti likapasuka kuanzia kwapani, manyoya meupe yakajaa paa zima, yakatua kwenye mashuka, kwenye baibui la Bibi, kwenye shira, na ufunguo ukaanguka sakafuni tink.

Mista Bahadur hakunifokea. Alinitoa tu yale manyoya begani, akasema kesho nisipande basi la mjini.

Basi nikalinda ghala la vyoo vya kukalia. Vipya, vimepangwa safu kwa safu, vyeupe, na mimi katikati yake juani nikiwa nimenyooka kama mtu anayevikagua. Ijumaa ya hitima nilikuwa hapohapo, nikiwaza Bibi anapakua tambi, na kwamba nilimwahidi jambo moja na kulitimiza kwa namna ambayo hakuna aliyeiomba. Niliona mlango wa pekee niliokuwa nao katika mji huu nimeufunga mwenyewe, tena kwa kufuli. Iliniuma, siwadanganyi.

Jioni Kato aliporudi na basi la mjini alikuja moja kwa moja mlangoni kwangu, ameshika kitu kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. "Nyabo, mara hii mimi sijaonja hata kidogo. Naapa." Nikafunua. Maua ya buluu, mdomo wa dhahabu, na ndani tambi za hitima, zina zabibu na iliki. Nikamwuliza Bibi amesemaje. Kato akajikuna. "Amesema bakuli inarudi kwake. Halafu akanitazama sana. Mimi naona anataka irudi na kitu ndani."

Nikakaa jikoni siku nzima ya mapumziko. Kaimati sithubutu, tambi sijui, kwa hiyo nikapika githeri ya kwetu, mahindi na maharagwe, nikajaza bakuli mpaka juu, nikampa Kato nikamwambia akiligusa namzika. Bibi akanipigia simu baadaye. "Mwanangu, mahindi yako magumu, yamenishinda meno, daktari wa chini kayapenda, asema yatamletea wateja. Rudi bwana. Nishamwambia yule bosi wako, kama si Nekesa mlango nitaulinda mwenyewe na fimbo." Idi ilipopita nikarudishwa Al Baraha. Kato alikuwa amenunua kopo la plastiki la funguo, la uwazi, linaloonyesha kila kitu ndani.

Sinema za upelelezi nimeacha, hata za kuchekesha, hasa za kuchekesha. Kilichobaki cha koti Kato amekifanya mto. Na siku hizi Bibi Zuwena akishuka, akaegemea dawati, akaanza tu, "Mwanangu, mwavuli wangu sijui umejificha wapi," mimi siulizi kitu, sijibu kitu, nasimama, napindua mifuko yangu yote juu ya dawati, nafungua droo, nainua kiti niangalie chini yake. Mwavuli ulikuwa chini ya kiti. Nilikuwa nimeukalia tangu asubuhi.